Kawandi: Utangulizi kwa Mshonaji Mpya wa Viraka

Kama umewahi kuona rundo la vipande vya vitenge na khanga chini ya meza ya fundi cherehani, malighafi ya ufundi huu unaijua tayari. Vifaa vingine ni sindano, mkasi, uzi mnene wa pamba na kipande kikubwa cha nguo kuukuu. Cherehani haihitajiki.

Tuanze na kitu chenyewe. Mfarishi ni tandiko au funiko lenye tabaka kadhaa za kitambaa, zilizoshonwa pamoja kwa mishono inayopita uso mzima ili tabaka zisiachane. Ukishonwa kwa vipande vilivyobaki au vilivyochakaa, huo ni mfarishi wa viraka. Njia za kuushona ni nyingi. Wanawake wa Gee's Bend, jimboni Alabama nchini Marekani, ambao kazi zao zilianza kuzungushwa katika makumbusho makubwa mwaka 2002, huunganisha kwanza viraka vyote vya juu, hutandika pamba katikati na kitambaa chini, kisha hushona tabaka zote tatu. Ni njia nzuri, lakini humtaka mwanafunzi ajue kazi mbili kwa pamoja. Mimi nitakuanzisha na kawandi, mfarishi wa Wasidi wa Karnataka, kusini mwa India, kwa sababu ndani yake mshono mmoja hufanya kazi zote.

Wasidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika. Mababu zao walivushwa bahari kama watumwa, na wengine walifika wakiwa askari na mabaharia. Wengi wa Karnataka ni uzao wa watu waliopelekwa Goa na Wareno, wakatorokea misituni. Tafiti za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2011 ziliwahusisha na watu wa Afrika Mashariki wasemao lugha za Kibantu, kwa hiyo tunazungumza habari za ndugu. Hata hivyo usiharakishe kusema kwamba ufundi wenyewe ulitoka huku kwetu. Majirani zao wasio Wasidi nao hushona mifarishi ya nguo kuukuu, na mimi naona uzuri wa kawandi uko katika yale ambayo wanawake wa Kisidi waliyafanya kwa walichokikuta huko.

Sasa shika kipande cha khanga, ukitazame kwa karibu. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu huitwa mtande. Zinazokatiza kwa upana huitwa mshindio. Kivute kwa kufuata mtande: hakinyooki sana. Kivute kutoka pembe hadi pembe: kinarefuka mkononi. Kukata kitambaa kwa mshazari huo ndiko kukata hanamu, na kiraka cha namna hiyo usikiweke pembezoni, kwani ukingo utavutika na kupinda. Tafadhali zoea jaribio hili kabla hujagusa sindano. Wanafunzi wengi hulaumu mishono yao, kumbe kosa lilikuwa katika mwelekeo wa nyuzi. Kadhalika, fua viraka vyote kwanza. Kitenge kipya huchuja rangi, na pamba mpya hurudi ikilowa. Kitambaa cha fulana kiweke kando, maana kinavutika kila upande.

Mshono wenyewe ni bandi: sindano inazama, inaibuka, inazama tena, kwa hatua ndogo zinazolingana. Uzi usizidi sana dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukizidi utajifunga mafundo. Tunza ulinganifu kabla ya udogo wa hatua. Udogo utakuja wenyewe kadiri mkono unavyozoea.

Tandika kitambaa cha chini. Wasidi aghalabu hutumia sari kuukuu. Weka kiraka cha kwanza pembeni, kwenye kona. Kunja ukingo wake na ukingo wa kitambaa cha chini kuelekea ndani, pindo kwa pindo, ushone bandi ukishika vyote viwili. Kiraka cha pili kikalie cha kwanza kidogo, upande wa kukutania ukiwa umekunjwa. Endelea hivyo kuzunguka pande zote nne, kisha ingia mzunguko wa ndani, mstari wa bandi ukiwa sambamba na uliotangulia, kama sentimita moja kutoka kwake.

Najua swali lako: ukingo wa ndani wa kiraka mbona umeachwa wazi, bila kukunjwa? Uache. Kiraka cha mzunguko unaofuata kitaufunika kwa pindo lake. Mantiki yote ya kawandi iko hapa. Kwa kuwa umeanzia ukingoni, mapindo ya nje yamekwisha mapema, na kila mstari wa bandi unabandika kiraka huku ukifunga tabaka. Kiraka cha mwisho tu, kile cha katikati, hukunjwa pande zote. Kabla ya kila mstari, lainisha kitambaa kwa kiganja kuelekea katikati. Usipofanya hivyo, nguo itajikusanya huko na kufanya uvimbe.

Mpangilio wa rangi sikuwekei kanuni. Kila mshonaji huchagua kadiri anavyoendelea, na imani yake huweza kuingia humo: miongoni mwa Wasidi Wakatoliki utaona misalaba. Wanachokisisitiza wao ni pembe nne za mwisho. Kila pembe hushonewa phula, yaani ua la vipande vidogo vilivyokunjwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka. Bila phula, mfarishi kwao haujakamilika. Kwa mara ya kwanza shona wa mtoto mchanga, upana wa mita moja hivi, na vipande vinne vya rangi unayoipenda kuliko zote uvitenge mapema kwa ajili ya maua hayo.