Kombora Linalojificha Nyuma ya Upeo

Usiku wa tarehe 30 Januari 2024, katika Bahari ya Shamu, kombora la kruzi, yaani linaloruka chini kama ndege, lililorushwa kutoka Yemen liliikaribia manowari ya Marekani USS Gravely hadi kubaki takriban kilomita 1.6 tu. Hapo ndipo lilipodunguliwa, tena si kwa kombora la kujihami, bali kwa Phalanx, mzinga wa milimita 20 wenye rada yake mwenyewe, unaomwaga risasi zipatazo 75 kwa sekunde. Kombora la namna hiyo likienda kilomita 900 kwa saa, umbali uliobaki lingeumaliza kwa sekunde sita hivi.

Manowari ile ina rada inayoona ndege zilizo umbali wa mamia ya kilomita. Inakuwaje basi adui afike karibu kiasi hicho? Sababu kubwa ni umbo la dunia, na pwani ya Kilwa inatosha kulieleza jambo hili.

Mawimbi ya rada husafiri karibu mstari ulionyooka, ilhali uso wa bahari umepinda. Simika antena juu ya mnara wa mita 16 ufukweni Kilwa Masoko na uielekeze Bahari ya Hindi. Ndege ya abiria iliyo juu angani itaonekana ingali mbali sana. Lakini kombora linaloruka mita 25 juu ya maji litabaki limefichwa na upeo mpaka lifike kilomita 37 hivi kutoka ufukweni. Kwa mwendo uleule wa kilomita 900 kwa saa, hizo ni dakika mbili na nusu. Ndani ya muda huo lazima wahudumu wa rada walitambue, wahakikishe si ndege ya kirafiki, kompyuta ikokotoe mahali pa kukutana nalo, amri itolewe, na kombora la kujihami lifyatuliwe na kufika. Likikosa, nafasi ya kurusha la pili huenda isiwepo.

Pandisha antena ileile hadi mita 100 na dakika zinakuwa nne. Ibebe kwenye ndege ya doria iliyo mita 9,000 juu, na kombora hilohilo laweza kuonekana likiwa kilomita 400, yaani dakika 27 kabla halijafika. Ndiyo maana majeshi yenye uwezo hugharamia ndege za rada. Wengi hutazama kifyatulio na moshi wake, kumbe ulinzi huamuliwa na kimo cha jicho linaloona.

Pwani hii iliyaona hayo zaidi ya miaka mia iliyopita. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, kaskazini mwa Kilwa. Kutoka baharini haikuonekana, ikabidi itafutwe kwa ndege. Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliongoza mizinga ya manowari za Kiingereza Severn na Mersey kwa redio. Tarehe 11 Wajerumani waliipiga ndege ya John Cull na Harwood Arnold. Hata injini ilipoharibika na ndege ikawa inashuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha mpaka wakaangukia mtoni. Wote wawili walinusurika. Königsberg haikutoka tena.

Nchi kavu kuna ugumu mwingine. Chukua Likawage, kata ya Kilwa iliyoko bara, yenye misitu ya miombo na mpingo. Rada iliyo bondeni haioni ng'ambo ya kilima, na kombora kama Tomahawk limeundwa kwa mazingira hayohayo: hupima kimo cha ardhi iliyo chini yake, hulinganisha na ramani iliyohifadhiwa ndani, kisha hupita mabondeni. Rada ya angani nayo ikitazama chini hupokea mwangwi wa kila mti, jabali na paa la bati, na kombora lenye kipenyo cha nusu mita humezwa humo.

Wahandisi hulichomoa kwa kanuni ya Doppler. Mwangwi wa kitu kinachokuja hurudi na masafa yaliyopanda kidogo, wa kilichosimama haubadiliki, mwendo wa ndege yenye rada ukishatolewa. Kompyuta hufuta vilivyosimama na kubakiza vinavyokimbia. Ila kombora likikatiza mbele ya rada, bila kuisogelea wala kuiacha, kwa muda huo huonekana kama limesimama, nalo hufutwa pamoja na miti. Kwa hiyo rada moja haitoshi. Zinahitajika kadhaa, kila moja ikitazama kutoka pembe yake.

Saudi Arabia ililipia upungufu huo tarehe 14 Septemba 2019, droni na makombora ya kruzi yalipopiga mitambo ya mafuta ya Abqaiq na Khurais na kusimamisha zaidi ya nusu ya uzalishaji wa nchi. Mitambo ya Patriot ya kudungua makombora walikuwa nayo, lakini rada yake ilitazama upande mmoja tu kwa wakati mmoja.

Kando ya rada, Ukraine imeongeza masikio. Maelfu ya vinasa sauti vimefungwa juu ya nguzo nchini kote, kila kimoja kikigharimu takriban dola 400 hadi 500. Husikia mngurumo wa injini, kompyuta huunganisha taarifa zao na kuchora njia, kisha vikosi vyenye bunduki juu ya magari madogo huambiwa visubiri wapi. Droni ziendazo polepole ndizo zinazonaswa zaidi kwa njia hiyo. Kombora la kruzi ni gumu zaidi kunaswa, kwa kuwa sauti huchukua sekunde tatu kusafiri kilomita moja, na kombora lenyewe huimaliza kwa sekunde nne. Nguzo iliyo mbele yake hupata onyo dogo sana. Wanaofaidika ni walio kilomita mia mbele, ikiwa taarifa imewafikia papo hapo.