FAHAMU MAANA YA MATOKEO YA VIPIMO VYA DAMU VYA FIGO

Wananchi wengi, wakiwemo watumishi wa Serikali, hupimwa damu hospitalini, wakakabidhiwa karatasi iliyojaa tarakimu, kisha wakarejea majumbani bila ya kufahamu karatasi hiyo inasema nini. Wapo wanaoingiwa na hofu kwa kuona tarakimu moja imevuka mpaka. Wapo pia wanaoikunja na kuitia kabatini kwa kuwa hawasikii maumivu yoyote. Yote mawili yana madhara.

Kazi ya figo ni kuchuja damu, kutoa takataka kwa njia ya mkojo na kulinda uwiano wa maji na chumvi mwilini. Figo zikilegea, takataka hubakia katika damu, na hizo ndizo zinazopimwa maabara. Vipimo vikuu ni hivi vifuatavyo:

(a) Kreatinini. Hii ni takataka itokayo kwenye misuli. Kwa kawaida mwanamme huwa na mikromoli 60 hadi 110 kwa lita, na mwanamke 45 hadi 90, ingawa maabara hupishana kidogo.

(b) Yurea. Hii hutokana na vyakula vya kujenga mwili. Hupanda pia mtu anapopungukiwa na maji.

(c) Potasiamu. Kawaida yake ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Ikizidi sana huweza kusimamisha moyo, hivyo haifai kungojewa. Hata hivyo, damu iliyochelewa kufika maabara, au ambayo chembe zake zimepasuka njiani, huonesha potasiamu nyingi isiyo ya kweli. Kwa sababu hiyo daktari huagiza kipimo kirudiwe mara moja.

(d) Kiwango cha uchujaji. Hiki hukokotolewa kutokana na kreatinini, umri na jinsia. Kikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, mtu huhesabiwa kuwa na maradhi sugu ya figo. Kikiwa chini ya 15, figo zimeshindwa kazi.

Ni vyema ikafahamika kuwa tarakimu moja haina maana moja kwa watu wote. Kreatinini ya 130 kwa kijana wa kiume wa miaka 25 huashiria uchujaji wa takriban mililita 67 kwa dakika. Kwa bibi wa miaka 70 huashiria takriban 38 tu.

Mfano uchukuliwe kutoka Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, yenye tambarare kavu za joto chini na Milima ya Pare ya Kusini juu yake, ambayo kilele chake cha Shengena kina mita 2,462. Mkulima wa Hedaru, huko tambarare, aliyeshinda juani huku akiharisha, akipimwa kesho yake huenda kreatinini yake ikawa juu. Akitibiwa na kunywa maji ya kutosha, aghalabu hushuka. Mkaazi wa Chome, kwenye baridi ya milimani, mwenye shinikizo la damu la miaka mingi, huenda akapata tarakimu ile ile bila ya kuumwa popote. Yake isiposhuka baada ya miezi mitatu, huyo ndiye aliye hatarini zaidi.

Utafiti uliofanywa mwaka 2014 Moshi Mjini na Moshi Vijijini, mkoani humo humo, ulionesha kuwa watu wazima wapatao 7 katika kila 100 walikuwa na maradhi sugu ya figo. Mjini walikuwa 15 na vijijini 2. Wachache sana miongoni mwao walikuwa wakijijua. Sababu ya kutojijua ni kwamba mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu za figo kabla ya kreatinini kuvuka mpaka.

Hivyo basi, mwenye matokeo yasiyo ya kawaida anashauriwa:

1. Kumuuliza daktari lini kipimo kirudiwe.
2. Kupimwa mkojo ili ionekane kama unapitisha protini, na pia kupimwa shinikizo la damu na sukari.
3. Kumtajia daktari dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni huziumiza figo zilizokwisha dhoofika.
4. Kutoacha dawa za shinikizo la damu au sukari kwa hiari yake.

Anayekojoa kidogo mno, anayevimba uso na miguu, au anayepumua kwa shida asingoje tarehe ya miadi. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Upandikizaji wa figo ulianza nchini mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na usafishaji wa damu kwa mashine upo. Lakini tiba hizo ni za gharama na humfunga mgonjwa maisha yake yote. Kuyagundua maradhi mapema ni nafuu zaidi.

Wananchi wote wanahimizwa kuzihifadhi karatasi za vipimo vyao na kwenda nazo kila waendapo hospitali, kwani karatasi ya mwaka jana ndiyo inayomwezesha daktari kuielewa ya mwaka huu.