Gari la Chama: Namna ya Kuchagua Gari Lililotumika na Kulitunza

Kila msimu unapokaribia, makatibu wa vyama vya msingi hutuletea swali lile lile: Je, chama chenye akiba ndogo kinaweza kununua gari lililotumika bila kujitia hasarani? Jibu letu ni kwamba kinaweza, kwa sharti moja. Chama kinunue gari ambalo kina uwezo wa kulitunza, si gari ambalo kina uwezo wa kulinunua tu. Vyama vilivyosahau tofauti hiyo vina magari yaliyopandishwa juu ya mawe nyuma ya maghala, majani yakiota hata mlangoni, hali wakulima wanakodi vyombo vya watu binafsi kusafirisha mazao yao wenyewe.

BEI SIYO GHARAMA

Tuchukue mfano. Chama kimetenga shilingi milioni 20. Wajumbe wa Bodi wanaoneshwa pikapu mbili za aina moja. Ya kwanza imepigwa rangi mpya na bei yake ni milioni 20 kamili. Ya pili rangi imepauka, viti vimechanika, lakini injini ni nzima, na bei yake ni milioni 16. Wajumbe wengi watavutwa na ile inayong'aa. Wakiinunua, fedha zote zimekwisha, na bado kuna bima, kuhamisha umiliki, tairi, betri, oili na vichujio. Mwezi wa pili gari litasimama kwa kukosa kitu kidogo, na fedha ya kukinunulia haipo.

Kwa hiyo tunashauri kanuni hii: katika kila shilingi 5 zilizotengwa, 4 ziwe za kununulia na 1 ibaki kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Mwenye milioni 20 atafute gari la milioni 16. Fungu linalobaki liandikwe peke yake katika makisio, lisiguswe kwa jambo lingine.

GARI LICHAGULIWE KWA KAZI YAKE

Kabla ya kwenda sokoni, Bodi iandike kazi ambazo gari litafanya: kuleta pembejeo, kukusanya magunia kutoka vituo vya kupimia, kumfikisha mkaguzi. Pikapu ya kawaida huundwa kubeba kiasi cha tani 1, na ndani ya uzito huo wamo dereva na abiria. Magunia 14 ya kilo 60 ni kilo 840. Ongeza watu wawili, nafasi imekwisha. Chama kinachotaka kubeba magunia 30 kwa safari moja hakihitaji pikapu, kinahitaji lori dogo, au kikodi. Gari linalobebeshwa maradufu huvunja springi, humaliza breki, na huweza kuua watu mteremkoni.

Kisha yaulizwe maswali matatu. Nani katika wilaya yetu anaweza kulitengeneza? Vipuri vyake hupatikana wapi, na kwa siku ngapi? Magari mangapi ya aina hiyo yanafanya kazi katika barabara zetu? Ndiyo sababu pikapu za Toyota Hilux zenye injini za dizeli za 2L, 3L na 5L zimependwa na watu wa vijijini kwa miaka mingi. Hazina mbio wala anasa, lakini fundi wa kawaida anazijua, na vipuri vyake havihitaji kuagizwa ng'ambo. Gari adimu, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa, humfanya mwenyewe kuwa mtumwa wa muuza vipuri mmoja.

UKAGUZI KABLA YA KUNUNUA

Fundi wa ukaguzi alipwe na chama, wala asiwe mtu aliyeletwa na muuzaji. Gari likaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukigusa boneti ukaikuta ina joto, huenda injini imewashwa mapema ili kuficha ugumu wa kuwaka. Mambo yafuatayo yaangaliwe kwa utaratibu:

1. Oili na maji. Funua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia katika oili, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi iliyokufa. Angalia pia maji ya rejeta kama yana mafuta yanayoelea. Rejeta isifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

2. Moshi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto huweza kuwa maji yanayoingia katika silinda. Moshi mweusi mzito katika injini ya dizeli huonesha noza mbovu au kichujio cha hewa kilichoziba. Kasoro hii ya mwisho huenda ikawa ndogo; hizo mbili za kwanza ni gharama kubwa.

3. Chesisi. Fundi alale chini ya gari kwa tochi, atafute kutu, nyufa na sehemu zilizochomelewa. Rangi mpya inaweza kuficha bodi iliyooza, lakini chesisi iliyokatika haina tiba rahisi. Nambari ya chesisi na ya injini zilinganishwe na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu.

4. Tairi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa. 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi yaweza kuonekana nzima kumbe mpira umezeeka. Ikiwa imelika upande mmoja, uliza habari za bushi na mpangilio wa magurudumu.

5. Mkanda wa taimingi. Katika injini za Hilux tulizozitaja, mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga vali na injini huharibika papo hapo. Muuzaji asipokuwa na ushahidi wa lini ulibadilishwa, chama kihesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama yake ipunguzwe katika bei.

6. Mita ya mwendo. Mita hurudishwa nyuma. Angalieni badala yake pedeli, usukani na kiti cha dereva. Pedeli zilizolika hadi chuma haziafikiani na mita inayosoma kilomita 80,000.

Mwishowe gari liendeshwe likiwa na mzigo, katika mlima na katika barabara mbovu. Gia isichomoke, klachi isiteleze, breki zisivute upande mmoja.

HATI ZA GARI NA KIBALI CHA WANACHAMA

Ununuzi uwe umo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Chama kikikopa, mkopo usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Jina la muuzaji lilingane na kadi ya gari, na Katibu aulize kwa polisi wa usalama barabarani kama gari linadaiwa faini. Malipo yapitie benki. Umiliki uhamishwe bila kuchelewa katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, na kadi isomeke jina la chama, si jina la Mwenyekiti wala la Katibu. Gari lililoandikwa jina la mtu, siku moja watoto wake watalidai kama urithi.

UTUNZAJI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva apime oili, maji na mafuta ya breki, aangalie tairi, na atazame chini ya gari kama kuna kilichovuja. Kazi hii haizidi dakika 10. Kila wiki apime upepo wa tairi na asafishe vichwa vya betri. Katika barabara za vumbi kichujio cha hewa kifunguliwe mara kwa mara, na maji yaliyojikusanya chini ya kichujio cha dizeli yamwagwe. Oili na kichujio chake vibadilishwe kila kilomita 5,000, au mapema zaidi mzigo ukiwa mkubwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Huduma kubwa ifanyike kabla ya msimu kufunguliwa, si katikati yake.

Hayo yote yaandikwe katika daftari la gari: tarehe, safari, kilomita, lita za mafuta, matengenezo na saini ya dereva. Katibu alisome kila mwisho wa juma. Tuseme lita 50 zimelipeleka gari kilomita 450. Hiyo ni kilomita 9 kwa lita. Mwezi unaofuata ikiwa ni kilomita 7 kwa njia ile ile na mzigo ule ule, kuna jambo. Huenda noza zimechoka, breki zinashika, au tangi linavuja. Huenda pia mafuta yanaingia katika chombo kingine. Daftari halimtuhumu mtu, ila humlazimisha kila mhusika kutoa maelezo, na humlinda dereva mwaminifu dhidi ya maneno ya mitaani.

Daftari hilo hilo ndilo litakaloonesha siku ya kuliuza gari. Matengenezo ya mwaka mmoja yakikaribia nusu ya thamani yake, Bodi ipeleke hesabu mbele ya Mkutano Mkuu, nao wanachama waamue. Fedha iliyonunua gari ilikatwa katika kilo za mazao yao, na wanayo haki ya kujua kila kilomita imewagharimu kiasi gani. Katibu ambaye bado hajafungua daftari la gari la chama chake asingoje mkaguzi. Alifungue wiki hii, aanze na kilomita zinazosomeka leo.