Tunda la Porini: Lijue Kabla Mtoto Hajalitia Mdomoni

  Ni mimi muuguzi wenu wa jamii kutoka hapa Migosi, Kisumu. Kama sufuria iko jikoni, punguza moto kidogo tuzungumze.

Leo nimekuja na swali nililoulizwa kliniki na mama mmoja aliyemleta mtoto kupimwa uzito. Aliniambia, "Sista, dada yangu yuko Marekani. Amenipigia simu akasema walienda matembezi msituni wakaokota mapapai chini ya miti. Kwani kule kwenye baridi papai linaota msituni?" Wenzake kwenye foleni walicheka. Mimi nililipenda swali hilo, kwa sababu ndani yake kuna jambo linaloweza kuokoa maisha ya mtoto.

JINA MOJA, MATUNDA MAWILI

Sisi Wakenya tukizungumza Kiingereza, papai tunaliita "pawpaw". Wamarekani nao wana tunda lao la porini wanaloliita jina hilo hilo, lakini si papai letu. Papai letu asili yake ni nchi za joto za Amerika, na baridi ya barafu huliua. Hilo lao huota lenyewe katika misitu ya mashariki ya Marekani, hasa karibu na mito, na huiva kuelekea mwezi wa Septemba. Nyama yake ni laini kama uji mzito, na ndani yake mna mbegu kubwa za kahawia. Ukoo wake ni ule wa stafeli na topetope.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Ndugu wa tunda hilo tunaye hapa kwetu. Ni topetope mwitu, ambalo kwa Kijaluo tunaliita obolo. Wengi wetu tulilila utotoni tukichunga ng'ombe. Ni mti mfupi usio na miiba, wenye majani mapana. Tunda lake hutoshana na yai la kuku, na ngozi yake ina vinundu vinundu. Likiiva huwa la manjano au la rangi ya machungwa, na harufu yake tamu huisikia hata kabla hujaliona.

TULIVYOPANDA KAJULU

Jumamosi moja nilipanda vilima vya Kajulu pamoja na akina mama wa kikundi chetu na watoto wao. Ukifika juu na kugeuka nyuma, unauona mji wote wa Kisumu, tambarare ya Kano na maji ya ziwa yakimetameta. Watoto waliokuwa wamezoea ploti na barabara walitawanyika vichakani kama vifaranga.

Punde si punde mvulana wa miaka kama sita alikuja mbio akipiga kelele, "Mama, nimepata matunda!" Mkono wa kulia alikuwa na obolo moja iliyoiva. Mkono wa kushoto alikuwa na vitunda viwili vya manjano, vya mviringo, laini na vinavyong'aa. Mama yake, ambaye alizaliwa na kukulia mjini, alitabasamu akamwambia akawagawie wenzake. Dani mmoja aliyekuwa nasi ndiye aliyeruka na kumshika mtoto mkono wa kushoto. "Huu ni ochok! Tupa!"

Ochok ndiyo ndulele. Ni sumu. Mtoto alikuwa ameokota chakula na sumu katika matembezi ya dakika chache, na kwa macho yake vyote viwili vilikuwa matunda ya manjano. Mama yake hakuwa mzembe. Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha.

Ndiyo maana nasema, jina au rangi peke yake haitoshi. Hata ukoo hautoshi. Nyanya, osuga na ochok ni wa ukoo mmoja, lakini nyanya na majani ya osuga tunakula na ochok hatuli.

MIMEA YA KUWAONYESHA WATOTO

Ochok, yaani ndulele: ni kichaka kifupi chenye miiba, majani ya kijivujivu yenye vinyweleo na maua ya zambarau. Tunda likiwa bichi ni la kijani lenye michirizi, na likiiva ni manjano.

Odagwa, yaani mbarika: hupenda kuota kwenye majalala na kando ya mitaro. Mbegu zake zina madoadoa ya kupendeza, na watoto huzichezea kama shanga. Mtoto akizitafuna, sumu yake ni kali sana. Anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kabla hajaanza kuugua.

Mnanaha: una maua marefu mfano wa tarumbeta, na tunda lenye miiba lililojaa mbegu ndogo nyingi. Mbegu hizo humfanya mtoto achanganyikiwe, mdomo ukauke, na mboni za macho zipanuke.

Usingoje safari ya Kajulu. Zunguka ploti yenu leo jioni na watoto, uwaonyeshe mmea kwa mmea. Kama humjui mmoja, muulize dani. Mfundishe mtoto sheria moja tu: tunda lolote la porini, kwanza mwonyeshe mtu mzima, halafu ndipo ule.

JINSI YA KULA TUNDA LA PORINI

Lile obolo moja tulilila? Ndiyo, tuligawana. Matunda ya porini tunayoyajua yana faida, na hayana bei. Lakini kuna utaratibu.

Chagua lililoiva, lisilo na ufa. Lililoliwa nusu na ndege, popo au nyani liache hapo hapo, kwani mate yao yanaweza kuwa na vijidudu. Lioshe kwa maji safi, na mikono pia. Mpe mtoto mdogo nyama ya tunda tu, na mbegu zote utoe wewe mwenyewe, kwa sababu zinaweza kumkaba.

Mbegu za obolo, topetope na stafeli zisitafunwe wala kusagwa. Kuna watu wanaozisaga na kupaka kichwani kuua chawa. Unga huo ukiingia machoni huumiza vibaya. Majani nayo yasipikwe chai ya kila siku. Huko Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani, madaktari waliandika mwaka 1999 kuhusu wagonjwa wenye mwili mgumu na kutembea kwa shida, waliokuwa na mazoea ya kula matunda ya ukoo huu na kunywa chai ya majani yake. Kula tunda mara moja moja si sawa na kunywa majani kila asubuhi.

NA PAPAI LETU JE?

Papai nalo huota lenyewe mtaani, pale mtu alipotupa mbegu. Ni chakula kizuri. Lina vitamini A kwa ajili ya macho na kinga ya mwili, na vitamini C inayousaidia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwa maharagwe na mboga. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupondewa papai lililoiva pamoja na vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya. Hata hivyo usiache kumleta kliniki apewe matone ya vitamini A kila miezi 6 hadi atimize miaka 5.

Kama papai limeota kando ya choo au mtaro, lioshe vizuri sana kabla ya kulikata, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Mama mjamzito aepuke papai bichi lenye utomvu mweupe. Lililoiva halina neno. Na mbegu za papai zisichukue nafasi ya dawa ya minyoo ya kliniki.

MTOTO AKISHAKULA KITU CHENYE SUMU

Mtoe kilichobaki mdomoni na umsukutue kwa maji. Usimtapishe kwa kidole. Usimpe maziwa, mafuta, mkaa wala maji ya chumvi. Kama ana usingizi mzito au degedege, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe, wala usimtie chochote mdomoni. Angalia saa, ujue alikula lini na kiasi gani. Chukua tunda lililobaki pamoja na tawi lenye majani, tia kwenye karatasi, uende nalo hospitalini, kwa sababu ndilo litakalomwonyesha daktari ni sumu gani.

Usingoje dalili. Panda tuktuk au boda boda, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Akiwa na hali mbaya, nenda moja kwa moja hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia. Na tafadhali, sema ukweli. Hakuna muuguzi wa kukulaumu. Tunachotaka ni kujua mtoto alikula nini.

Yule mama wa kliniki nilimjibu hivi: dada yako hakukosea, ila papai lake si papai lako. Na yule mvulana wa Kajulu? Siku hizi akiniona njiani ananiletea kila jani ananiuliza, "Sista, hii inaliwa?" Nami namjibu kila mara, hata nikiwa na haraka.

Msikilizaji, nawe mjibu wako. Hadi wiki ijayo, saa kama hii, ni mimi muuguzi wenu wa jamii. Oriti uru.