Mwanafunzi na Mzinga Wake wa Kwanza

"Fuata nyuki ule asali," walisema wahenga. Lakini nyuki wetu wa Afrika ni wakali, na anayewafuata bila maarifa huhatarisha maisha yake na ya jirani. Je, tumkataze kijana wetu? La! Tumsaidie kuanza vizuri.

Ufugaji hujifunzwa kwa mikono. Mzinga mmoja unatosha. Mwanafunzi apime vijiti bapa vinavyofunika mzinga wa kisasa, ambavyo nyuki hujengea masega: kila kimoja kiwe na upana wa milimita 32. Akikosea, nyuki watavuka kijiti hadi kijiti, na masega yatakatika akivuna. Apake nta ndani, autundike kivulini, karibu na maji, mbali na nyumba, njia na mifugo. Atakayependa kuendelea, kipo chuo cha ufugaji nyuki Tabora.

Asiende mzingani peke yake. Amfuate mzee mzoefu, jioni, akiwa na vazi zima, wavu usoni, glovu, buti na bomba la moshi.

Akichomwa afanye nini? Mwiba hubaki mwilini na kifuko chake, nacho huendelea kusukuma sumu. Aukwangue mara moja kwa ukucha. Harufu yake huwaita nyuki wengine. Hivyo aondoke, kisha aoshe kwa sabuni na kukanda kwa maji baridi. Wakimvamia, asipunge mikono wala asijitose mtoni. Afunike uso, akimbilie ndani na kufunga mlango.

Ukiona mtu aliyechomwa anapumua kwa shida, midomo imevimba, vipele vimeenea mwilini au anazimia, mkimbizeni hospitali. Anahitaji sindano ya adrenalini upesi. Msingojee dawa za nyumbani. Aliyechomwa na nyuki wengi naye apelekwe, hata akisema hajambo.

Siku ya kuvuna, achukue masega yaliyofunikwa kwa nta tu, na kuwaachia nyuki akiba yao.

Akina mama, asali hutuliza kikohozi, lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 asilambishwe hata tone. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumboni mwake hutoa sumu ya kulegeza misuli, akashindwa kunyonya na hata kupumua. Mwenye kisukari naye akumbuke: asali ni sukari.

Mzazi, kabla ya kununua mzinga, nunua kwanza vazi la kumkinga mwanao.