Wanaume wa parokia wanakutana tena, lakini nani hajarudi?

Wanaume wengi wa makamo hawaendi kwa daktari mpaka wabebwe. Kwa sababu hiyo, mikutano ya Chama cha Wanaume Wakatoliki, ambacho wengi hukiita CMA, inamhusu daktari kama inavyomhusu padri. Kabla ya janga la Covid-19, mzee akikosa mkutano mara mbili, wenzake walimwendea nyumbani. Huko ndiko walikogundua kuwa miguu yake imevimba, au kwamba dawa za presha zilikwisha na hakuna fedha za kununua nyingine.

Utaratibu huo ulikatika ghafla. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini alitangazwa Machi 13, 2020, na siku chache baadaye nyumba za ibada zikafungwa. Ziliporuhusiwa kufunguliwa Julai mwaka huo, waumini hawakutakiwa kuzidi 100, ibada haikutakiwa kupita saa moja, na aliyezidi umri wa miaka 58 alitakiwa kusalia nyumbani. Kitabibu amri hiyo ilikuwa na sababu, kwani wazee ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Hata hivyo, hao hao ndio waliokuwa nguzo za vikundi hivi. Katika miezi ya mwanzo mazishi nayo yalihudhuriwa na watu 15 tu wa familia, hivyo wanaume waliozoea kubeba jeneza la mwenzao walisikia habari kwa simu, basi.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, na mnamo Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa Covid-19 si dharura ya kimataifa tena. Chai baada ya misa imerudi, na michango pia. Lakini si wote waliorudi. Wako waliofariki na waliohamia mashambani baada ya kupoteza kazi. Wapo pia walio hapa hapa mjini, milango imefungwa, na hao ndio wanaonitia wasiwasi.

Kwa nini mtu asirudi? Mwingine anaona haya kwa sababu ana malimbikizo ya michango. Mwingine hasikii vizuri na amechoka kuuliza. Wapo, tena si wachache, wanaokwenda haja ndogo kila baada ya nusu saa na wanaogopa mkutano mrefu. Hiyo huenda ni dalili ya kuvimba kwa tezi dume, na dawa zipo. Tena kuna huzuni. Mwanaume mwenye ugonjwa wa huzuni mara nyingi halii. Hukasirika ovyo, hunywa zaidi, au hunyamaza, na familia hudhani ni uzee.

Upweke nao huua. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilikadiria kuwa unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani.

Basi katibu na alitoe daftari la mahudhurio la mwaka 2019, alisome jina kwa jina. Asiyeonekana atembelewe na watu wawili anaowafahamu, na habari ya madeni isitajwe siku hiyo.

Kikundi kinaweza pia kununua mashine ya kupimia presha. Mtu apimwe kabla ya chai, akiwa ameketi kimya kwa dakika 5. Akionyesha 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti, aende kliniki hata kama hahisi lolote. Waliotimiza miaka 55 wazungumze na daktari kuhusu uchunguzi wa tezi dume, na mapema zaidi ikiwa baba au ndugu aliugua saratani hiyo. Sukari iwekwe kando ya chai, si ndani ya birika, kwa sababu wagonjwa wa kisukari huona aibu kukataa kikombe.

Madirisha ya ukumbi yawe wazi. Mwenye homa na kikohozi akae nyumbani, naye apigiwe simu jioni hiyo hiyo.