Usomaji Ndani ya Kaya

Kilomita chache kutoka mjini Kahama, katika Mkoa wa Shinyanga, liko shimo kubwa la mgodi wa Buzwagi. Mgodi huo ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Katika miaka hiyo jina la Buzwagi lilitajwa magazetini na Bungeni kwa ajili ya dhahabu, kodi na mikataba. Ni wachache waliokumbuka kwamba ukanda huu, kutoka Kahama hadi Geita, ulikwisha kujulikana miongoni mwa wataalamu wa elimu kwa jambo jingine kabisa. Hapa, na katika nchi zote zinazolizunguka Ziwa Victoria upande wa Tanzania, ndipo lilipofanyika jaribio kubwa la kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa kutumia kazi zao wenyewe. Jaribio lilifanikiwa, kisha sehemu ya mafanikio yake ikapotea. Sababu za kupotea huko zinamhusu kila mwalimu wa sekondari anayeshangaa kwa nini mwanafunzi wake anayejua kusoma hasomi.

Mwaka 1968 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Unesco na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza. Wazo la mradi lilikuwa rahisi kueleza, ingawa halikuwa rahisi kutekeleza. Mkulima wa pamba alifundishwa herufi kwa maneno ya pamba: kupanda, kupalilia, kunyunyiza dawa, kupima. Mvuvi alikuwa na kitabu chake, mfugaji chake, na akina mama walikuwa na kitabu cha maarifa ya nyumbani. Mradi ulipomalizika mwaka 1972, mbinu zake zilikuwa zimekwisha kuingizwa katika kampeni ya nchi nzima, iliyopata nguvu baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 redio nayo ikaingia kazini. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kujadiliana, na vyoo vingi vilichimbwa kutokana na majadiliano hayo. Mwaka 1974 likaanza kutolewa mjini Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa lugha nyepesi kwa ajili ya wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa.

Takwimu zilionyesha mafanikio. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za Serikali, waliobaki bila kisomo walikuwa kama asilimia 10 tu. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaojua kusoma na kuandika ni asilimia 78, na ile ya mwaka 2022 ikakuta asilimia 83. Mwanafunzi wa hisabati atauliza, na ni haki yake kuuliza, kama namba hizo zilipatikana kwa kipimo kimoja. La, hazikupatikana hivyo. Katika kampeni watu walifanya mtihani wenye hatua nne, na waliofika hatua ya tatu na ya nne ndio waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma. Karani wa sensa huuliza tu na kuandika jibu. Hata hivyo, ni nadra mtu aliyeulizwa mlangoni pake kukana kisomo alicho nacho. Kwa hiyo tofauti ya vipimo haielekei kueleza pengo lote. Wapo watoto wa miaka ya baadaye ambao hawakuandikishwa shule, na wapo watu wazima waliosahau.

Kusahau kusoma si jambo la ajabu. Katika miaka ya themanini uchumi uliyumba, karatasi ikawa adimu, magari ya kusambaza magazeti yakakosa mafuta na vipuri, na maktaba nyingi za vijijini zikabaki na vitabu vilevile vilivyokwisha kusomwa. Mama aliyefaulu hatua ya tatu mwaka 1975 hakuletewa tena kitu cha kusoma. Ujuzi usiotumika huchakaa, kama jembe lililoachwa nje msimu wa masika. Wapangaji wa kampeni walilitambua jambo hili mapema, ndiyo maana walianzisha gazeti na maktaba. Walichokosa kukipangia ni mahali ambapo kusoma kungeendelea gazeti lisipofika, yaani nyumbani.

Ushahidi ulio wazi kuhusu jambo hili unatoka Afrika Magharibi. Katika miaka ya sabini wanasaikolojia wawili wa Marekani, Sylvia Scribner na Michael Cole, walifanya utafiti kati ya Wavai wa Liberia, na wakauchapisha mwaka 1981. Wavai wana maandishi yao wenyewe, yaliyobuniwa miaka ya 1830, ambayo hayakuwa yakifundishwa shuleni. Kijana hufundishwa na jamaa au rafiki, kwa kuwa anataka kuandika barua au kuweka hesabu ya mali yake. Watafiti walitaka kujua kama kusoma, peke yake, humfanya mtu awe mwepesi katika kila namna ya kufikiri. Waliona kwamba sivyo. Lakini waliojua maandishi hayo waliwazidi wenzao katika baadhi ya kazi, kama vile kumweleza mtu namna ya kucheza mchezo ambao hajapata kuuona. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa barua, kumfafanulia asiyekuwapo. Kusoma kulinoa kile kilichofanywa kwa kusoma. Tena maandishi hayo yalidumu zaidi ya karne moja bila shule wala wizara, kwa sababu kila nyumba iliyoyajua ilikuwa na haja nayo.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010 na M. D. R. Evans na wenzake kwa kulinganisha nchi 27, ulionyesha kwamba mtoto aliyekulia katika nyumba yenye vitabu vingi alipata kwa wastani miaka mitatu zaidi ya masomo kuliko aliyekulia katika nyumba isiyo na kitabu, hata elimu na kazi za wazazi zilipolinganishwa. Nyumba yenye vitabu vingi hapo ilikuwa na vitabu 500, idadi ambayo maktaba nyingi za shule za kata zingeionea wivu. Afadhali mwalimu atazame upande wa pili wa matokeo hayo: vitabu vichache vya kwanza ndivyo vilivyoleta faida kubwa zaidi, hasa kwa watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana.

Kuna tatizo moja ambalo nchi nyingi kati ya hizo 27 hazilijui, nalo ni la lugha. Tahajia ya Kiswahili ni nyepesi mno. Irabu "a" hutamkwa namna ileile katika baba, kalamu na hesabu. Mtoto akishajua silabi zake anaweza kulitamka neno asilopata kulisikia. Urahisi huo una mtego. Mtoto wa Kahama ambaye nyumbani huzungumza Kisukuma, Kinyamwezi au Kisumbwa huweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti safi, mwalimu akaridhika, kumbe maana haikufika. Tathmini za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2010 kwa kuwapima watoto majumbani mwao, zilifichua kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza hata kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza ukabadilishwa ili mkazo uwe juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Shule peke yake, hata hivyo, haiwezi kumpa mtoto maneno yote anayoyahitaji.

Wazazi wengi hudhani kwamba ili kumsaidia mtoto wanapaswa kuacha lugha yao na kumsemesha Kiswahili tu. Dhana hiyo ina makosa. Kisukuma na Kiswahili ni ndugu: munhu ni mtu, ng'wana ni mwana, mbula ni mvua. Kisukuma kina irabu saba mahali ambapo Kiswahili kina tano, lakini ngeli za majina na mpango wa kitenzi hufanana sana. Zaidi ya hayo, mtoto anaposimuliwa hadithi jioni kwa lugha anayoielewa vyema, hujifunza mambo ambayo silabi haziwezi kumfundisha: kwamba kisa kina mwanzo, kwamba tukio moja huzaa jingine, kwamba msikilizaji hubashiri kitakachofuata kisha hungoja kuona kama amepatia. Akikutana na hadithi kitabuni, tayari anajua la kuitafutia. Bibi asiyejua hata herufi moja ni mwalimu wa kusoma.

Kizuizi cha nyumbani kinachosahauliwa mara nyingi ni giza. Mwanafunzi wa fizikia aweza kulipigia hesabu. Kibatari kisicho na chimni hutoa mwanga upatao lumeni 10. Mwanga huo ukitawanyika pande zote, kitabu kilicho umbali wa nusu mita hupata luksi 3 hivi. Kikiwa mita moja, hupata robo ya hizo, yaani chini ya luksi 1, kwa kuwa umbali ukizidishwa mara mbili mwanga hugawanyika mara nne. Mbalamwezi ya mwezi mpevu ni kama robo ya luksi, na katika vyumba vya kusomea hupendekezwa luksi 300. Basi watoto wanne wakiketi kukizunguka kibatari kimoja, anayesoma kweli ni yule aliye karibu, na mara nyingi huyo ni mkubwa wao. Msichana anayepika hukaa mbali zaidi. Taa ndogo ya sola, ikitundikwa juu ya meza badala ya kuwekwa pembeni ya chumba, hubadili hesabu hiyo kuliko nasaha nyingi zinazotolewa katika mikutano ya wazazi.

Na wasome nini? Katika kaya za ukanda huu maandishi yapo kuliko inavyodhaniwa. Ipo kadi ya kliniki, ambayo ni grafu ya kwanza kuingia nyumbani: umri wa mtoto umepangwa chini, uzito umepangwa kando, na mstari unapaswa kupanda. Mtoto mwenye afya hufikia maradufu ya uzito wake wa kuzaliwa akiwa na miezi mitano hivi, na mara tatu atimizapo mwaka. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayemsomea mama yake mstari wa mdogo wake, wakaulizana kwa nini ulilala mwezi wa tatu, anajifunza grafu vizuri kuliko aliyekariri mhimili wa x na wa y. Upo ujumbe wa simu wa fedha, unaotaja kiasi kilichotumwa, makato na salio. Tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, ipo pia bei ya dhahabu inayozungumzwa kila jioni. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi, na mchimbaji mdogo huuza kwa gramu. Aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Kaya inayoweza kugawanya kwa 31.1 haidanganywi kwa urahisi.

Lipo jambo zito zaidi. Wachimbaji wadogo wengi wa Kahama na Geita hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma mchanganyiko huo ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Wengine hufanya hivyo nyumbani, pengine katika jiko lilelile la chakula. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Ukivutwa hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na hatari ni kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na maelezo ya kujikinga yameandikwa kwa Kiswahili: kuchomea mbali na makazi, kutumia chombo cha kunasia mvuke, kuwaweka mbali wajawazito na watoto. Karatasi hiyo ikifika nyumbani, aghalabu mwenye uwezo wa kuisoma na kuielewa yote si baba anayechimba, bali ni binti yake aliye sekondari. Hapo heshima huingia kati. Mtoto hamfundishi mzazi. Lakini humsomea, na kusomewa hakumshushi mtu; wazee wamesomewa barua na wajukuu wao tangu barua zianze kufika. Mwalimu anayempa mwanafunzi karatasi ya namna hiyo aende akaisome kwa sauti nyumbani, kisha arudi na maswali yaliyoulizwa, amekwisha kuipeleka sayansi mahali ambapo yeye mwenyewe hangekaribishwa.

Njia ya kurudi nayo ipo. Hadithi za nyumbani zaweza kuingia katika maandishi, na mtu wa Kanda ya Ziwa aliyefanya hivyo kwa uvumilivu usio wa kawaida ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kuandika kisa cha Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kwa kuwa aliona maisha na maneno ya wazee yakitoweka. Hakupata mchapishaji. Baada ya miaka mingi alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981 kabla ya kukiona kikiwa kitabu.

Mwanafunzi wa Buzwagi hahitaji miaka 35. Daftari la kurasa 40 linatosha kuanza. Anaandika hadithi ya bibi kama ilivyosimuliwa, kwa Kisukuma, kisha ukurasa wa pili anaiandika kwa Kiswahili. Jioni inayofuata anaisoma yote mbele ya jiko. Bibi atamkatiza kabla hajafika nusu, kwa sababu ameruka mahali ambapo sungura alirudi kisimani, na daftari litafutwa na kuandikwa upya mpaka sungura arudi.